Mwamuzi Bado Ananyonya

Katika nyumba yetu ya Mbotela, raketi pekee iliyowahi kushikwa na mtu ni ile ya kuua mbu. Ni ya plastiki, ya kuchaji, na mbu akiigusa hulia pa, kisha nyumba inanuka nywele zilizoungua. Hiyo ndiyo mume wangu aliyotumia, jioni nyingi, kuwaonyesha rafiki zake wawili jinsi bingwa wake anavyoupiga mpira kwa mkono mmoja upande wa kushoto. Alikuwa akikunja goti, anageuza bega, anaizungusha raketi hewani polepole, na siku moja mbu aliyekuwa akijipitia akafa papo hapo. Wenzake walimpigia makofi. Kati ya hao watatu hakuna aliyewahi kukanyaga uwanja wa tenisi, na hilo halikuwahi kuwazuia kusema lolote.

Watu huniuliza mwanangu alipataje jina lake. Nikianza kueleza kwamba ilibidi kwanza tupitie wachezaji wakubwa wote wa tenisi duniani, wazima na wafu, wananiangalia kwa huruma. Wanadhani bado sijapona uzazi. Kwa hiyo nimeamua kuandika, nipumzike.

Tenisi iliingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Mume wangu ni dereva wa bosi mmoja ambaye kila Jumamosi asubuhi huenda kucheza kwenye klabu moja upande wa pili wa mji, kule ambako hata nyasi zina mtu wa kuzichana. Dereva hukaa kwenye maegesho, na maegesho yako kando ya ua wa waya. Kwa miaka mingi alikuwa akilala ndani ya gari. Kisha timu yake ya mpira ya Uingereza ikafungwa vibaya Jumapili moja, akashindwa kula, akashindwa kwenda kazini akiwa mtu wa maana, na akala kiapo mbele yangu kwamba hatatazama mpira wa miguu tena maishani. Jumamosi iliyofuata hakulala ndani ya gari. Aliangalia kupitia ua. Alirudi nyumbani na macho yanang'aa, akaniambia amegundua mchezo wa waungwana. Nilimuuliza kama waungwana hao walimpa chai. Hawakuwa wamempa.

Angeuweka ugunduzi huo moyoni mwake, ningemsamehe. Lakini alikuwa na rafiki zake. Wa kwanza ni mchongaji anayekaa safu ya nyumba nyuma yetu, mtu wa Ukambani kama mimi, ambaye huchonga twiga na swara katika karakana moja Kariobangi ili watalii wapate cha kusahau hotelini. Wa pili ni mtu wa magharibi ya nchi kama mume wangu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha unga Industrial Area, na pia ni mwenyekiti wa kikundi cha wanaume katika kanisa letu. Huyu wa pili huongea kana kwamba anasoma matangazo hata anapoomba chumvi. Wote wawili walikuwa wameumizwa na timu ileile ya Uingereza. Waliingia katika tenisi kama wakimbizi, na kama wakimbizi wengi wapya, hawakupoteza muda kuanza kugombana juu ya nani alifika na dini ya kweli.

Swali lilikuwa moja tu: katika wanaume wote waliowahi kucheza tenisi, tangu enzi za suruali ndefu nyeupe hadi leo, nani mkubwa kuliko wote?

Mume wangu alikuwa na yule wa mkono mmoja. Hoja yake ilikuwa uzuri. Alisema mtu yule hatoki jasho, hakimbii bali anafika, na kwamba kushinda si kitu kama unashinda ukiwa umekunja uso. Haya yalisemwa na mtu ambaye akipanda ngazi za ghorofa mbili kule Tassia kwa dada yake, huketi chini kabla ya kusalimia.

Mwenyekiti alikuwa na yule mwenye vikombe vingi zaidi, yule asiyechoka, anayerudisha kila mpira hadi mwenzake akakosea kwa kukata tamaa. Kwake hapakuwa na mjadala. Kiwandani, alisema, mwisho wa zamu huulizwi kama ulibeba gunia kwa madaha. Unaulizwa yako mangapi. Mume wangu alimwambia kwamba kwa hesabu hiyo mchezaji bora wa dunia ni forklifti, ile mashine ya kuinulia magunia.

Kulikuwa na wa tatu, wa mkono wa kushoto, aliyekuwa mfalme kwenye viwanja vya udongo mwekundu. Huyo hakuwa na mtu wa kumtetea pale sebuleni. Mimi nilimpenda kimyakimya kwa sababu ya udongo wenyewe, unaofanana na wa kwetu Machakos, na kwa sababu alionekana mtu anayejua kazi ni kazi. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa mtu wa kuleta chai.

Mchongaji ndiye aliyekuwa shida kubwa. Yeye hakutaka mchezaji yeyote wa leo. Alisema raketi za siku hizi ni chungio, mpira unaruka wenyewe, na kwamba mtu ambaye hajacheza kwa raketi ya mti hana haki ya kutajwa. Alikuwa na bingwa wake wa zamani, wa nywele ndefu, aliyemwona kwenye video moja ya rangi iliyopauka na kumpenda kwa sababu moja: alikuwa ameshika mti. Alijua huo ulikuwa mti wa aina gani kwa kuusikia unavyolia. Wenzake walipomkumbusha kwamba wa zamani hawakuwa hata na tabia ya kusafiri kwenda mashindano yote makubwa, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo waliocheza kwa malipo walifungiwa nje ya mashindano hayo kabisa, alisema hiyo ndiyo hoja yake yenyewe. Utamhesabiaje mtu vikombe alivyokatazwa kugusa? Mwenyekiti alinyamaza kidogo hapo. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Ili kuthibitisha, mchongaji alichonga raketi ya mti. Aliibeba mwenyewe kutoka Kariobangi, imefungwa gazeti, akaiweka mezani kwangu juu ya kitambaa. Ilikuwa kazi safi, imesuguliwa hadi inateleza, na mpini wake una swara wadogo wakikimbia. Ilikuwa pia mti mtupu kuanzia juu hadi chini, bila nyuzi, bila tundu hata moja, nzito kama mlango. Mume wangu alijaribu kuonyesha nayo ule mkono mmoja wake, na bega likamuuma hadi wiki iliyofuata. Mchongaji alisema, mnaona sasa wale watu walikuwa wanaume wa namna gani. Siku hizi ninaitumia kuzuia mlango wa nyuma usibamizwe na upepo.

Yote haya yangebaki porojo za kunimalizia maziwa ya chai kama nisingekuwa na mimba.

Tulipoambiwa ni mvulana, mume wangu alitangaza, mbele ya hao mashahidi wake wawili, kwamba mtoto ataitwa kwa jina la mchezaji mkubwa kuliko wote. Hakusema ni nani. Alisema hilo litaamuliwa. Walipeana mikono watatu wote, na mwenyekiti akatoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa maridhiano. Nilikuwa nimekaa palepale, tumbo limefika kwenye meza.

Hebu nieleze jinsi majina yanavyogawanywa, maana ndipo jambo lilipouma. Mtoto wetu angekuwa na majina matatu. La mwisho ni la baba yake, hilo lina mwenyewe. La kati, kwa desturi ya kwao, ni la mtu wao aliyetangulia, na mama mkwe wangu angekuja kulitoa. La kwanza ndilo lililokuwa limebaki wazi, na sasa lilikuwa limetengewa mzungu fulani ambaye hata hakuwa amepatikana. Majina matatu, na mimi niliyembeba sikuwa na hata herufi.

Nilikuwa na jina la kutoa. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli sokoni, mtu mpole, aliyepata mabinti watupu na hakuwahi kulalamika. Alikufa mwaka mmoja kabla ya mimba hiyo. Siku ya mazishi, baba yangu mdogo alisimama kando ya kaburi na kusema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba jina la ndugu yake limeingia chini pamoja naye kwa kuwa hakuacha mwana. Dada zangu walitazama chini. Mimi pia nilitazama chini, na maneno hayo niliyameza yakakaa. Niliumia. Sikuwahi kuumia hivyo, hata wakati wa kumpoteza mwenyewe. Nilipoambiwa tumboni mna mvulana, jambo la kwanza nililofikiria halikuwa nepi.

Nilimwambia mume wangu. Si mtu mbaya, na nilidhani atanielewa. Alinishika mkono akasema jina hilo tutampa mtoto wa pili. Wa pili, alisema, kwa urahisi kabisa, kana kwamba huyo wa pili angetoka tumboni mwake.

Mtoto alizaliwa salama, mzito, na sauti ya kuuza samaki. Hospitali walipouliza jina nilisema baba yake bado yuko kwenye mjadala. Muuguzi alidhani ni mbunge. Tukarudi nyumbani na mtoto asiye na jina, na kwa kuwa watu wa Mbotela hawawezi kuishi na kitu kisichokuwa na jina, wakaanza kuniita Mama Boi. Mwenye duka, Mama Boi. Mwenye makaa, Mama Boi. Nilikuwa nikiitika, lakini kila nilipoitika nilisikia kwamba nimezaa mtoto wa jumla.

Na mjadala ukazidi. Sasa ulikuwa wa kufa na kupona, kwa maana kulikuwa na kitu cha kushinda. Mwenyekiti alikuwa ameshaandikisha siku ya kumleta mtoto mbele ya kanisa, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na akatangaza kwamba kufikia siku hiyo lazima jina liwe limepatikana. Walikuja kila jioni. Walipima enzi kwa enzi. Waliuliza ingekuwaje kama wa zamani angepewa viatu vya leo, na kama wa leo angenyimwa daktari wa goti. Walijadili kama wapinzani wa huyu walikuwa wazito kuliko wapinzani wa yule, na kama kushinda kizazi kizembe ni kushinda. Mume wangu alisema bingwa wake alifanya watu waupende mchezo. Mwenyekiti akasema bingwa wake alimpiga huyo bingwa wa mume wangu, tena wakati watu wote uwanjani wakimzomea, na hilo peke yake linatosha. Mume wangu hakuongea naye hadi chai ilipoletwa. Nilikuwa nimekaa na mtoto pajani, nikiwasikiliza watu wazima watatu wakimgawana.

Mtoto naye alikuwa na lake. Kila jioni, kama saa kumi na mbili, alilia. Alikuwa ameshiba, hana homa, nepi ni kavu, na bado alilia hadi akawa rangi ya nyanya. Kliniki walisema ni tumbo la kawaida la watoto, litapita. Mimi nilikuwa na wazo kwamba amechoka kusikia habari za vikombe.

Mama mkwe wangu aliwasili Ijumaa kabla ya ile Jumapili, na kuku wawili na mfuko wa mtama. Ni mwanamke mfupi, haongei sana, na akikaa mahali unahisi kiti kimepata mwenyewe. Alimsikiliza mtoto akilia jioni hiyo. Kisha akasema mtoto haumwi. Anatafuta jina.

Kwao iko hivyo. Mtoto akilia bila sababu, wakubwa humshika na kumwitia majina ya waliotangulia, moja moja, kwa upole, na jina atakalonyamazia ndilo lake, maana mwenye jina amekuja mwenyewe kulichukua. Mama alisema tutafanya kesho. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeona njia ya kutoka.

Jumamosi jioni sebule ilijaa. Mama alikaa katikati na mtoto mapajani. Wanaume watatu walikaa kwenye kochi moja, wamevaa vizuri, mchongaji na shati la kupiga pasi. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni. Kwa wakati wake wa kawaida mtoto alifungua kinywa, akaanza.

Mama akaanza na jina la marehemu mumewe. Mtoto alilia. Akaita la kaka wa mumewe, na la baba yao, akapanda ukoo mtu kwa mtu hadi kwa mababu ambao hata mume wangu hakuwa amewahi kuwasikia. Mtoto alilia kwa bidii zaidi, na niliona uso wa mama ukichoka. Hapo mwenyekiti akakohoa.

"Mama, kwa ruhusa yako," alisema, "sisi tuna majina machache ya kuongeza. Tumekubaliana mtoto mwenyewe awe mwamuzi."

Walikuwa wamekubaliana kweli, huko nje, kando ya tangi la maji. Kwa kuwa wao walishindwa kuamua nani mkubwa kuliko wote, mtoto angewaamulia. Atakayemnyamazisha ndiye. Watu wazima, mmoja wao mwenyekiti wa kikundi cha kanisa.

Mume wangu akainama na kuita jina la yule wa mkono mmoja, kwa sauti laini kama ya kumbembeleza. Mtoto alipiga kelele. Mwenyekiti akaita la yule wa vikombe, kwa sauti ya matangazo, na mtoto akapiga kelele zaidi, jambo ambalo mume wangu alilipokea kwa furaha isiyofichika. Mama alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Hao ni wa ukoo gani?" aliuliza.

Mume wangu alimwambia ni wachezaji wa tenisi, wakubwa sana, wanajulikana dunia nzima.

"Walikufa lini?"

Ilibidi mwanawe aseme kwamba hawajafa. Wako wazima. Mmoja wao hata yuko bado uwanjani.

"Sasa mnamwita mtu mzima aje aingie kwa mtoto," alisema mama, "yeye mwenyewe kule abaki na nini?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Walikuwa wamefikiria viatu, nyuzi, udongo, nyasi na magoti. Hawakuwa wamefikiria kwamba kwa sheria za mchezo ule waliouchagua wenyewe, mchezaji aliye hai haruhusiwi kuingia uwanjani.

Mchongaji alikuwa wa kwanza kuona maana yake. Alisimama kabisa. Ikiwa wa leo wote wametolewa, alisema, basi wamebaki wa zamani, na ndicho amekuwa akisema tangu siku ya kwanza. Akanyoosha shati na kujiandaa kumwita yule wake wa nywele ndefu. Mwenyekiti, ambaye hakubali kushindwa bila karatasi, alimwambia athibitishe kwanza kwamba marehemu ni marehemu.

Wakatoa simu. Mtoto analia, mama anamtikisa, na wanaume watatu wameinamia kioo kutafuta nani amekufa. Bingwa wa mchongaji alipatikana haraka. Alikuwa kwenye picha ya juzi, amekaa jukwaani na koti zuri, nywele zimekuwa nyeupe, akipungia watu mkono. Sijawahi kuona mtu akisikitika hivyo kwa sababu shujaa wake ana afya njema. Mchongaji aliiangalia picha hiyo kwa muda mrefu, kana kwamba angeweza kuibadilisha.

Hawakuacha. Walirudi nyuma zaidi, enzi kwa enzi, na walichokipata hawakukipenda. Wachezaji wana maisha marefu. Mwishowe walimfikia mmoja wa zile picha za suruali ndefu, aliyekufa bila ubishi, lakini jina lake lilikuwa na herufi zinazofuatana bila kupumua na hapakuwa na aliyeweza kulitamka. Mchongaji alijaribu. Mtoto alistuka, akalia hadi sauti ikakatika na kurudi.

"Wachana na hiyo, buda," mume wangu alimwambia. "Utamvunja mtoto."

Mama alikuwa ameacha kuwasikiliza. Aligeuka akanitazama mimi, pale mlangoni, kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu nilipoolewa.

"Mama, wewe huna mtu wako?" aliniuliza.

Nilisema ninaye.

Akanyoosha mikono akanipa mtoto. Aliniambia kwanza nimnyonyeshe, maana amekauka koo, kisha nimwite. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamweka mtoto kifuani, nikafunika kwa leso, na nikalitaja jina la baba yangu. Sikulitaja kwa nguvu. Sikuwa nimelisema kwa sauti tangu siku ya kaburi, na lilitoka limepinda kidogo. Nikalirudia likatoka sawa. Mtoto alikuwa anameza. Nyumba ilinyamaza hadi tukasikia redio ya jirani.

"Amechagua," mama alisema.

Mume wangu ndiye aliyelalamika kwanza, na sitamsahau. Alisema hiyo si haki, kwa sababu wenzake wote waliitwa mtoto akiwa na kinywa kitupu. Mwenyekiti aliunga mkono. Alipendekeza irudiwe kwa usawa, majina yote yaitwe mtoto akiwa ananyonya, au yote akiwa hanyonyi, ili matokeo yalinganishwe ipasavyo. Kwa dakika hiyo, mbele ya macho yangu, walikuwa tayari kuanza upya hoja yao yote ya enzi na vifaa, safari hii kuhusu maziwa.

"Kwani hao wachezaji wenu wana maziwa?" mama aliuliza.

Mwenyekiti akakohoa tena, lakini mama hakumngoja.

"Mmesema mwamuzi ni mtoto. Basi. La kwanza litakuwa la baba yake huyu. La mume wangu litafuata nyuma yake, hatalia, alikuwa mtu wa kupisha wageni." Kisha akaomba chai, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mume wangu ndiye aliyeamka kuileta, maana mimi nilikuwa nimeshikwa.

Baadaye nilimkuta mama jikoni akichambua mtama. Nilitaka kumshukuru na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikamuuliza kama anaamini kweli ni baba yangu aliyekuja, au ni titi. Hakuinua kichwa.

"Nimezaa wanane," alisema. "Wote wameitwa watu wa mume wangu. Baba yangu mimi hajaitwa hata kwa mbuzi. Hakuna aliyeniuliza."

Akaendelea na mtama. Nilishika sufuria nikaosha kitu kilichokuwa kisafi tayari.

Bado kulikuwa na Jumapili. Kanisani kwetu baba ndiye anayesema jina, mbele ya watu, akiwa ameshika mtoto, na likisemwa pale limesemwa. Usiku nilikuwa nimeogopa. Nilimjua mume wangu. Niliwaza atasimama pale, aone watu wote wale, na ule mkono mmoja umpande kichwani. Mchungaji alipouliza mtoto anaitwa nani, alisita. Mwenyekiti alikuwa kiti cha mbele, midomo inacheza kama ya mtu anayesaidia mtahiniwa.

Mume wangu alilisema jina la baba yangu. Alilisema kwa ulimi wa kwao, na sehemu moja akaikanyaga, lakini alilisema lote na kwa sauti. Kisha la baba yake, kisha lake. Nililia, na sikujali nani anaona. Aliporudi kuketi alininong'onezea kwamba hata hivyo hii haibadilishi chochote kuhusu nani ni mkubwa kuliko wote.

Na haikubadilisha. Bado wanakuja. Tofauti ni kwamba sasa mume wangu anaishi na mkwe wake. Mama alimweleza wazi kabla hajapanda basi la kurudi: mtoto ana jina la baba wa mkeo, kwa hiyo huyo ni mkwe, na mkwe ana heshima zake. Yule mtu aliyekuwa akizunguka sebuleni kifua wazi na taulo kiunoni sasa huvaa shati kabla ya kutoka chumbani. Mchongaji akifika huuliza kwanza, kwa uso mkavu kabisa, kama mzee ameamka salama na kama ameshapewa uji.

Mzee sasa anakimbia. Juzi alifikia ile raketi ya mbu juu ya kochi, akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha na kuvunja balbu ya taa ya mezani. Mwenyekiti, aliyekuwepo, alisema mikono miwili ni ya bingwa wake na kwamba suala limefungwa. Mume wangu hakumsikia. Alikuwa amesimama katikati ya vigae vya glasi, amesahau ukwe wote, akilipaza jina la baba yangu kwa hasira hadi majirani wa safu ya nyuma wakachungulia. Baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumvunjia mtu kitu.

Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nilifunga mfereji ili nisikie vizuri. Akaliita tena.